Cheti kilichosubiri mizani: kisa cha kikundi cha wakulima wadogo wa michikichi mkoani Kigoma

## Kabla ya kisa

Hiki ni kisa cha kikundi kimoja cha wakulima wa michikichi katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Jina la kijiji, la kikundi, la mnunuzi na la kila aliyehusika nimeliondoa, na badala ya tarehe nimehesabu miezi. Nilikuwa mwezeshaji wa kikundi hicho kwa miezi 18, na baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu. Nawaandikia maafisa ugani, viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya kuuza mazao) na yeyote anayepanga kuwaingiza wakulima wadogo kwenye uthibitisho wa mawese endelevu, kwa sababu naona wengi wanaanzia pale pale tulipoanzia sisi.

## Mazingira

Kigoma ndiko mawese mengi ya Tanzania yanakotoka. Michikichi mingi ya zamani ni aina ya Dura: ganda nene, nyama nyembamba, mafuta kidogo. Tangu 2018 serikali imelipatia zao hili msukumo mkubwa, kwa kuwa nchi inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nje. Kituo cha Kihinga cha TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, kilipewa kazi ya kuzalisha mbegu bora, na miche ya Tenera, ambayo ni mseto wa Dura na Pisifera wenye ganda jembamba na nyama nyingi, ikaanza kuwafikia wakulima. Ndiyo maana ukisimama katikati ya kijiji hiki unaona mambo mawili kwa mpigo: chini mabondeni, Dura za mababu zilizorefuka hadi mkweaji anahitaji moyo, juu kwenye miteremko, Tenera changa ambazo unavuna ukiwa umesimama.

Kikundi kilikuwa na kaya 58, nyingi zikiwa na chini ya ekari 5 za michikichi. Kijijini kulikuwa na mashine 3 za kukamulia, zote mali ya watu binafsi.

Njia ya chikichi hapa ni hii. Mkungu ukishakatwa hulazwa chini siku 3 hadi 7, wakati mwingine zaidi, mpaka chikichi ziachie zenyewe. Zinachambuliwa, zinachemshwa kwenye pipa juu ya moto wa kuni, zinapondwa, zinakamuliwa. Mwenye mashine analipwa kwa pipa. Mafuta yanapimwa kwa dumu la lita 20. Kokwa ni za akina mama, ambao huzianika, huzivunja na kuuza mise, yaani viini vyake. Asiyetaka kazi ya kukamua huuza chikichi zake kwa gunia. Katika safari yote hiyo hakuna mahali hata pamoja ambapo mtu anapima kilo. Naomba msomaji aliweke hilo kichwani.

Kiwango tulichokilenga ni cha RSPO, Meza ya Duara ya mawese endelevu iliyoanzishwa mwaka 2004. Mwaka 2019 RSPO ilipitisha kiwango maalumu cha wakulima wadogo wanaojitegemea, na toleo hilo ndilo tulilolifuata. Wakulima wanaingia kama kikundi, wakiwa na meneja na mfumo wao wa udhibiti wa ndani, maana yake wanakaguana wenyewe kabla ya mkaguzi wa nje kufika. Katika toleo hilo ngazi ni tatu: ya kustahili, kisha hatua ya kwanza ndani ya miaka 2, kisha hatua ya pili ndani ya mwaka 1 unaofuata. Kikundi hakingoji mwisho wa safari ndipo kianze kufaidi. Kikifika ngazi ya kustahili kinaweza kuuza krediti kwa asilimia 40 ya mavuno yake, hatua ya kwanza asilimia 70, hatua ya pili mavuno yote.

Krediti nieleze, maana ndipo tulipojikwaa. Kampuni iliyo mbali inalipia tani moja ya mafuta yaliyozalishwa kwa kufuata kiwango, bila kuyapokea mafuta yenyewe. Mafuta yanabaki Kigoma na kuuzwa sokoni kama kawaida. Kinachosafiri ni haki ya kusema "tumelipia tani hiyo". Na idadi ya tani hizo inaanzia kwenye uzito wa mikungu iliyovunwa.

## Yaliyotokea

Mwezi wa 1 hadi wa 2. Dalali aliyekuwa akinunua mawese kijijini alileta habari kwamba kampuni moja ya kutengeneza sabuni, nje ya mkoa, ingelipa bei nzuri zaidi kwa mafuta yenye cheti cha uendelevu. Mwenyekiti alinipigia. Nikaongea na kampuni kwa simu, nikaambiwa ni kweli. Mkutano ulijaa, watu walisimama mpaka nje kwenye veranda ya ofisi ya kijiji. Tuliwaeleza ngazi tatu, tukachagua meneja wa kikundi na wakaguzi wa ndani 6, wanawake 3 na wanaume 3. Shirika moja liliahidi kugharamia mafunzo na ukaguzi wa kwanza.

Mwezi wa 3 hadi wa 4. Tulipima mashamba kwa simu, tukizunguka mipaka kwa miguu. Ramani zilipotoka, mawili yalijitokeza.

Kwanza, mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na kiwango cha RSPO kinamtaka mkulima afuate sheria ya nchi yake na kulinda kingo za maji. Dura za zamani zinapenda bonde. Wakulima 19 walikuwa na sehemu ya shamba ndani ya mita 60, na 7 kati yao shamba lao lote lilikuwa humo.

Pili, wanachama 11, wengi wao vijana, walikuwa wamefungua mashamba mapya ya Tenera kwenye miteremko baada ya Novemba 2019. Kiwango kina masharti kwa mashamba yaliyofunguliwa tangu Novemba 2005 kwa kufyeka maeneo yenye thamani kubwa ya hifadhi, na tangu Novemba 2019 kinalinda pia misitu yenye hazina kubwa ya kaboni. Kigoma ina Gombe na Mahale, hifadhi za taifa za sokwe, na sokwe hawaishii kwenye mipaka ya hifadhi. Miombo ya vijiji si pori la bure, na sisi sote tulilijua hilo.

Mwezi wa 5. Ilinunuliwa mizani ya kuning'iniza, ikahakikiwa na Wakala wa Vipimo, ikatundikwa kwenye mwembe jirani na ofisi ya kikundi. Siku ya kwanza ilikuwa kama mnada. Mama mmoja alileta mikungu 2, mmoja wa Dura na mmoja wa Tenera kutoka shamba la mwanawe, akataka ipimwe mbele ya watu. Wa Dura ulisoma kilo 9, wa Tenera kilo 16. Akaurudisha wa Dura kwenye ndoano mara ya pili, akidhani haukushika vizuri. Ukasoma 9 tena. Tangu siku hiyo sikuhitaji kumhimiza mtu yeyote juu ya mbegu.

Mwezi wa 7. Vitabu havikukubaliana. Tulikuwa na madaftari mawili: la shambani, lililoandikwa na mkulima siku ya kuvuna, na la mashineni, lililoandikwa na mkaguzi wa ndani kabla ya chikichi kuingia kwenye pipa. Kwa mkulima mmoja la shambani lilisema kilo 212 na la mashineni kilo 187. Kwa mwingine tofauti ilikuwa ndogo zaidi, kwa mwingine kubwa zaidi. Maneno yakaanza. Mkaguzi mmoja alisema wazi kwamba kuna wanaouza mikungu njiani. Mkulima aliyeguswa na maneno hayo aliacha kuja mikutanoni kwa wiki 5.

Aliyetupa jibu ni mweka hazina. Alichukua mkungu mmoja uliokatwa asubuhi hiyo, akaufunga kwenye mfuko wa wavu ili chikichi zikidondoka zisipotee, akautundika kwenye kivuli na kuupima kila siku saa 2 asubuhi. Siku ya kwanza kilo 14. Siku ya tatu 13 na nusu. Siku ya saba 12 na nusu. Hakuna aliyeiba chochote. Mkungu unakauka. Aliyepeleka mashineni siku ya pili alipoteza kidogo, aliyengoja wiki alipoteza zaidi. Juu ya hapo kulikuwa na chikichi zilizobaki chini shambani wakati wa kubeba.

Tukaenda wote kwa yule mkulima kumwomba radhi, mkaguzi akiwa mbele. Alitupokea, akatukaribisha viti, lakini alirudi kwenye kikundi baada ya mwezi mwingine.

Mwezi wa 11. Niliiandikia kampuni ya sabuni kuomba barua ya kuthibitisha nia yao, ili tuiambatanishe kwenye maombi. Jibu lilikuja fupi: wao walitaka mafuta yenyewe yenye cheti, yaliyofuatiliwa kutoka shambani hadi kwenye tangi lao. Hawakuwa na haja ya krediti. Mafuta ya namna hiyo yanahitaji kila kiungo katikati, mashine ya kukamulia ikiwemo, kiwe na uthibitisho wake. Hakuna hata mashine moja kati ya zile 3 iliyokuwa karibu na hapo.

Mwezi wa 12. Kikundi kilikaa kuamua kama ukaguzi wa nje uendelee.

## Maamuzi na sababu zake

*Mabondeni.* Hatukumng'olea mtu mchikichi. Tuliamua kwamba ndani ya mita 60 hakuna mche mpya, hakuna kulima chini ya michikichi, hakuna dawa, na mchikichi ukifa haurudishiwi mwingine. Mpango uliandikwa, ukapitishwa na kamati ya mazingira ya kijiji, na kila mmoja wa wakulima 19 alisaini. Wale 7 waliahidiwa nafasi ya kwanza kwenye miche ya Tenera na kwenye ardhi ya kilimo iliyobaki katika mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Kung'oa kungeondoa riziki ya watu kwa siku moja na kuacha ukingo mtupu mvua za masika zikikaribia. Nauamini uamuzi huu mpaka leo.

*Miteremkoni.* Wanachama 11 wenye mashamba mapya tuliwaweka pembeni, wote, "mpaka tathmini ifanyike". Tuliogopa kwamba shamba moja lenye dosari lingeangusha kikundi kizima.

*Nani anasaini.* Tamko la mkulima, yaani karatasi ya kuahidi kufuata kiwango, lilikuwa linasainiwa na mwenye shamba, na mwenye shamba karibu kila mara alikuwa baba. Lakini mafunzoni walikuja akina mama, na daftari la mavuno waliliandika wao. Tuliamua kaya isajiliwe kwa majina mawili, la mume na la mke, na malipo yoyote ya baadaye yatolewe wote wawili wakiwepo. Hilo lilibishaniwa mkutano mzima na likapita kwa tofauti ya kura chache.

Suala la watoto na la dawa yalikwisha haraka. Watoto wanaokota chikichi baada ya shule, wakiwa na wazazi, na kiwango kinaruhusu msaada wa namna hiyo ndani ya familia mradi kazi si ya hatari na haiwanyimi masomo. Kukwea Dura ndefu tuliwakataza. Dawa karibu hakuna aliyekuwa anatumia.

*Kuahirisha ukaguzi.* Mwenyekiti alitaka tuendelee: fedha za ukaguzi zipo, ngazi ya kustahili haidai mengi, krediti za asilimia 40 ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Mweka hazina aliuliza swali moja: "Tukipata cheti mwaka huu, mwakani mkaguzi atalipwa na nani?" Tulipiga hesabu ubaoni. Uzito wa kuaminika tulikuwa nao wa miezi 5 tu. Mavuno ya kaya 47 zilizobaki yalikuwa madogo, tani za krediti ambazo zingetoka humo zilikuwa chache, na bei ya krediti hupanda na kushuka. Nilisema ukweli kwamba siwezi kuwaahidi mnunuzi. Waliamua kuahirisha, si kujitoa, na wakaliomba shirika lihamishie fedha za ukaguzi kwenye mizani ya pili na mashimo ya maji machafu mashineni. Shirika lilikubali baada ya barua tatu.

## Matokeo

Miezi 18 ilipoisha, kikundi hakikuwa na cheti.

Kilikuwa na mizani 2 na daftari moja badala ya mawili: kilo zinaandikwa siku ya kuvuna, na zikifika mashineni inaandikwa siku zilizopita. Kumbukumbu hiyo ilizaa jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wetu. Mkungu unaolala siku nyingi unapoteza maji, na kibaya zaidi asidi ya mafuta yake inapanda, hivyo mafuta yanakwaruza koo na kuishia kwa mtengeneza sabuni. Watu walipoona siku zimeandikwa mbele yao, wengi walianza kukamua ndani ya siku 2. Mikungu isiyoachia chikichi haraka waliikata kwa shoka vipande vipande, kazi ngumu zaidi. Mafuta yao yakapata wateja wa kupikia pale pale gulioni.

Waliokuwa wakiuza chikichi kwa gunia waliacha lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Walipopima gunia moja la kawaida na moja la lumbesa walilokuwa wakiliuza kwa bei ile ile, mazungumzo na wanunuzi hayakuchukua muda.

Wenye mashine 2 kati ya 3 walichimba mashimo ya kutuamisha maji ya mawese, ambayo awali yalitiririka kijitoni na kuacha utando wa rangi ya kahawia juu ya maji wanayochota watu. Wa tatu alikataa.

Kati ya wanachama 11 waliowekwa pembeni, 4 hawakurudi.

## Uchambuzi

Kosa kubwa lilifanyika mwezi wa 1, na ni langu. Kampuni ilisema "mafuta yenye cheti", nami nikasikia krediti, kwa kuwa krediti ndiyo njia niliyoijua kwa wakulima wasio na kiwanda. Hayo ni masoko mawili. Mtu anayetaka mafuta yenyewe analazimisha mashine iingie kwenye uthibitisho. Mtu wa krediti haihitaji mashine, lakini pia hanunui dumu hata moja kijijini. Swali la dakika moja kwenye simu ile ya kwanza, "unataka mafuta au krediti?", lingetuokolea miezi 10 ya matumaini ambayo hayakuwa na mahali pa kutua. Na jibu ningelidai kwa maandishi kabla ya mkutano ule wa veranda, kwa sababu mkutano ukishajaa ni vigumu kurudi nyuma.

Uamuzi wa miteremkoni ulikuwa wa woga. Tathmini ilipofanyika mwezi wa 14, kati ya mashamba 11, 8 yalikuwa mashamba ya zamani ya mihogo, tena ndani ya eneo la kilimo katika mpango wa kijiji. Ni 3 tu yaliyofunguliwa kwa kufyeka miombo. Wazee wangetuambia hayo kwa mchana mmoja wa kutembea. Tungewauliza tu kabla ya kupanga majina. Tuliwatenga vijana waliopanda mbegu bora, waliojua kutumia simu, waliokuwa na miaka mingi ya kuvuna mbele yao, kwa ajili ya alama kwenye ramani iliyosema "mapya" bila kusema yalikuwa nini kabla. Wale 3 waliofyeka walistahili kuambiwa ukweli, na waliambiwa. Wale 8 tuliwaonea.

Tuhuma za wizi zilitokana na mfumo tuliouunda wenyewe. Kiwango kinataka kumbukumbu za mavuno; hakikutulazimisha kuweka madaftari mawili yanayopima kitu kilekile kwa siku tofauti kisha kushangaa yanapotofautiana. Tuliwapa wakaguzi wa ndani mafunzo ya kutafuta kasoro, hatukuwapa mafunzo ya kutafuta sababu. Katika kijiji ambako watu wanazikana na kuoana, mkaguzi wa ndani anamkagua shemeji yake. Ningeanza na jaribio la mweka hazina siku ile ile mizani ilipotundikwa, hadharani, kabla ya kuandika kilo ya kwanza.

Kilichofanya kazi ni mizani, na ninaona sababu yake ni kwamba faida yake haikumsubiri mtu wa nje. Ramani, tamko na sera tulizifanya kwa ajili ya mkaguzi, na mkaguzi alipoahirishwa zililala kabatini. Kilo zilimsaidia mkulima jioni ile ile. Kwa kuwa watu walizitaka wenyewe, leo kikundi kina kumbukumbu za mwaka mzima, ambazo ndizo tulizozikosa siku ya kupiga hesabu ubaoni. Wakiamua kuomba tena wataanza na kitu mkononi.

Usajili wa majina mawili nao ulishika, ingawa fedha za krediti hazijawahi kuja. Ulishika kwa sababu ya lumbesa: mke aliyeliandika daftari ndiye aliyejua kilo, na mume alimhitaji siku ya kuuza.

Liko moja ambalo kiwango cha mkulima mdogo hakiligusi na ambalo linanisumbua kuliko yote. Kinakagua shamba. Lakini katika kijiji hiki shamba la michikichi, kwa sehemu kubwa, ndilo lenye madhara madogo: halina dawa, halina mbolea ya viwandani, lina miti ya miaka mingi. Madhara yako mashineni, kwenye maji machafu na kwenye kuni. Pipa moja la chikichi linachemka kwa saa kadhaa, na kuni hizo zinatoka kwenye miombo ile ile iliyotufanya tuwatenge wanachama 11. Makapi ya kukamulia yanaungua vizuri na wenye mashine wanayatumia kiasi, lakini yakiloa masika hayashiki moto, na hakuna kati yao aliyejenga kibanda cha kuyahifadhi. Kikundi kimepanga kujenga kimoja kwa fedha za michango kwenye mashine iliyo jirani na ofisi. Mabati yameshanunuliwa.